AI Ilimpea Cuzo Yangu Marejeleo Hewa: Venye Unaweza Itumia Campo Bila Kujichoma

Mwezi uliopita cuzo yangu alisimama mbele ya malec watatu kutetea projekti yake ya mwaka wa nne. Suti ya kuazima, tai ya mzae wake, slaidi zimepangika. Topiki yake ilikuwa mikopo ya simu na wamama wa mboga wa Githurai, na hiyo ni kitu anajua vizuri juu mathe yake ameuza sukuma hapo karibu na stage tangu tukiwa watoi.

Dakika kumi za kwanza alikuwa anachapa kazi fiti. Halafu madam mmoja, mpole hivi, ambaye hakuwa amesema kitu tangu waanze, akafungua peji za mwisho pale kwa marejeleo na akaweka kidole.

"Hii namba 14, uliisoma?"

"Ndio, madam."

"Inasema nini?"

Cuzo akaanza kuzunguka mbuyu. Ati inazungumzia changamoto, fursa, na umuhimu wa, yaani, teknolojia kwa biashara ndogo. Madam akamwacha amalize. Kisha akamwambia, bila hata kupandisha sauti, "Hilo jina la mwandishi ni langu. Na mimi sijawahi andika hiyo kitu."

Manze.

Waliendelea kucheki moja moja pale pale, lec mwingine akiwa na simu mkononi. Kati ya marejeleo 31, tano hayakuwa mahali popote duniani. Mwandishi ni wa ukweli, jarida ni la ukweli, mwaka unakaa sawa, lakini ile makala yenyewe ni hewa. Ni kama wale wafanyakazi hewa tunasikianga kwa habari: jina liko kwa listi, mshahara unatoka kila mwezi, lakini ukienda ofisini hicho kiti hakuna mtu amewahi kukikalia. Cuzo akapewa wiki 3 arudi na kazi safi ama asahau kugrad mwaka huu. Na mathe yake alikuwa ashaambia chama yake yote tarehe.

Jioni hiyo akanipigia.

Kwa nini alipigia mimi

Hapo ndio panachekesha, juu mimi campo nilitoka mwaka wa pili. Karo ilikataa, nikasema narudi semesta ijayo, na hiyo semesta bado naingoja. Lakini kabla nianze kuandikia tovuti, nilikula miaka kama miwili kwa ile kazi kila mtu wa Kahawa Wendani, Roysambu na Juja anaijua: kuandikia wanafunzi wa majuu asainmenti zao. Academic writing, ndio jina tulikuwa tunaipea ndio isikike poa kwa wazazi. Tulikuwa wasee wanne kwa keja moja, Wi-Fi ya kuchanga, tunalala mchana kama popo. Mwenye akaunti anakata yake, wewe unabaki na kitu kama soo tatu kwa peji. Hii biashara ilikuwa kubwa hapa Kenya hadi ikatengenezewa filamu, The Shadow Scholars, iliyotoka 2024, ambapo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye asili ya Kenya, anakuja kuongea na hao waandishi wenyewe.

Sijivunii. Naitaja juu kuna kitu ilinifunza. Niliandika kuhusu uuguzi, historia ya Ulaya, usimamizi wa hospitali. Hadi leo naweza kukuelezea bei ya mkate ilihusika vipi na Mapinduzi ya Ufaransa, na hakuna mtu amewahi niuliza. Mteja alipata cheti. Masomo nilibaki nayo mimi, na soo tatu.

Tarehe 30 Novemba 2022 OpenAI ikatoa ChatGPT, na kufika katikati ya 2023 akaunti zetu zilikuwa zimekauka kama Januari. Wateja walikuwa wamepata mtu wa kuwaandikia bure, halali, halalamiki malipo yakichelewa. Sawa, hiyo ni biashara, ilienda. Lakini cheki tofauti. Zamani asainmenti ikiandikwa na mtu mwingine, angalau kuna kichwa moja ilijifunza kitu, hata kama ni ya jamaa wa Wendani saa tisa usiku. Sai mwanafunzi anapesti swali, anakopi jibu, anatuma. Hakuna kichwa hata moja imeguswa. Kazi imetoka kwa mashine ikaenda kwa lec, na kama lec naye anatumia AI kusahihisha, basi hapo mashine mbili zinaongea na wewe ndio unalipa karo.

Kwa hivyo cuzo aliponiomba nimtafutie "AI ingine kali irekebishe hiyo sehemu ya marejeleo", nikamwambia akuje na lapi yake Jumamosi tuongee kwanza.

Ile msee wa River Road

Ushawahi kuuliza njia tao kwa msee ambaye hajui lakini hawezi sema hajui? "Enda hivi, pinda pale kwa duka ya simu, utaona ghorofa ya bluu." Anaongea na uhakika hadi unamshukuru. Dakika ishirini baadaye uko Nyamakima na unatafuta Kencom.

Hizi AI za kuandika zinafanya kazi karibu hivyo. Zimelishwa maandishi mengi ajabu, na zimefunzwa kukisia neno gani linafaa kufuata neno gani. Ukiiuliza marejeleo kuhusu mikopo ya simu Kenya, inajua vizuri marejeleo hukaaje: jina la mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, namba za kurasa. Inakujengea kitu inakaa hivyo. Haijaenda maktaba. Saa zingine inagonga ndipo, saa zingine ni stori za jaba, na sauti ni ile ile kwa zote mbili. Hapo ndio shida iko. Mtu akikudanganya, kawaida kuna mahali sauti inatetemeka. Hii haitetemeki.

Nyingi sai zinaweza kutafuta kwa intaneti kabla zijibu, na hiyo imepunguza hewa. Haijaimaliza. Kuna hewa mpya sasa: linki ni ya ukweli, unaifungua inafunguka, lakini ndani makala inasema kitu tofauti kabisa na chenye AI ilikuambia inasema. Kama hukusoma, hutajua.

Na usidhani ni wanafunzi tu wanachomeka. New York mwaka wa 2023 kulikuwa na wakili, Steven Schwartz, amefanya hiyo kazi miaka 30, akapeleka kortini kesi za ChatGPT ambazo hazikuwahi kuwepo. Ilikuwa kwa kesi ya abiria aliyeshtaki ndege ya Avianca. Jaji akawapiga mawakili faini ya dola 5,000. Kitu inanishangaza si kwamba ilimdanganya. Ni kwamba alishtuka kidogo, akaiuliza ChatGPT yenyewe kama hizo kesi ni za ukweli. Ikamwambia ndio, zipo. Akalala. Mwaka wa 2025 Deloitte ya Australia, kampuni ya watu wa suti za kununua, ililazimika kurudishia serikali sehemu ya malipo ya ripoti ya dola 440,000 za kule, juu ilikuwa na marejeleo yasiyokuwepo na walikuwa wametumia AI.

Kwa hivyo sheria ya kwanza tuliandika kwa karatasi tukabandika kwa lapi ya cuzo: ushahidi wa AI hauwezi kutoka kwa AI.

Uchague gani sasa?

Kila nikiandika kuhusu hizi vitu kuna mtu ananiuliza gani ndio kali. Kusema ukweli, kwa kazi ya campo, ChatGPT, Gemini, Claude na Copilot zote zinatosha, na ile ya bure itakubeba kwa mambo mengi. ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, hiyo ni karibu 2,600. Kwa mtu anakula kibandani hiyo ni chakula ya karibu wiki mbili. Usilipe kwanza. Tumia ya bure hadi ifike mahali inakukwamisha kweli, ndio ufikirie.

Swali la maana si gani kali. Ni unataka ikufanyie nini. Kama ni kusoma makala ambazo tayari unazo, NotebookLM ya Google ndio ningeanza nayo. Unaiwekea PDF zako na noti zako, inajibu ikitegemea hizo, na inakuonyesha ni wapi ndani ya hizo karatasi imetoa jibu. Bado inaweza kusoma vibaya, lakini angalau unaweza kuishika mkono uicheki. Kama ni kutafuta pa kuanzia, Perplexity huweka linki pembeni. Meta AI iko pale WhatsApp, ni rahisi kuifikia ukiwa kwa mat na data ya mbao, lakini mimi huiuliza maswali madogo tu. Marejeleo siiulizi.

Halafu kuna lugha. Kiswahili chake sai si kibaya, lakini ukisoma kwa makini utapata sentensi zinakaa zimetafsiriwa, na mtu wa kozi ya Kiswahili akipeleka hiyo atajulikana peji ya kwanza. Sheng ndio usijaribu. Inaongea kama mjomba ametoka majuu baada ya miaka 20.

Mbili za kukaa mbali nazo. Ya kwanza ni zile programu za kuiga, zina nembo inakaa karibu sawa na ile halisi, unapewa siku tatu za bure kisha zinakukata kila wiki kwa kitu ambacho kwa tovuti yenyewe ni bure. Ya pili ni hizi akaunti za kushare zinauzwa Telegram, ati lipa soo tatu utumie Plus mwezi mzima. Mko watu wengi humo ndani. Kila kitu unaandika, yule mwingine anaweza kufungua akasoma, na siku yoyote mwenye akaunti anabadilisha paswadi na namba yake haipatikani.

Lakini kabla ya hayo yote, cheki lec wako anasema nini. Campo moja, jengo moja, lec wa chini anakubali utumie AI kupanga mawazo, wa juu anakupea sufuri ukiitumia hata kurekebisha sarufi. Soma maelezo ya kozi. Kama hayasemi kitu, muulize mbele ya darasa ama umwandikie barua pepe, ndio jibu likuwe mahali linaweza kuonekana. Wengi hawaulizi juu wanaogopa jibu. Cuzo alikuwa mmoja wao.

Wiki 3 za Githurai

Jumamosi ya kwanza hatukugusa AI kabisa. Tulichapisha ile listi ya marejeleo 31, tukashika kalamu nyekundu na ya kijani. Unachukua kila moja, unaweka kichwa chake kwa Google Scholar. Kama ina ile namba ya DOI, unaipesti doi.org uone inakupeleka wapi. Ikifunguka, unasoma angalau muhtasari na ile sehemu unadai umetoa hoja. Kijani ni hadi uwe umesoma. Kuona tu kwamba ipo haitoshi.

Ilituchukua siku mbili. Zile tano za hewa tulikuwa tunazijua. Lakini zingine sita zilikuwepo na zilikuwa zinasema kitu tofauti na chenye cuzo aliandika. Hizo paneli hata haikuwa imezifikia! Hapo ndio alitulia kabisa, akaacha kusema ati madam alimchukia.

Za kujaza pengo hazikuwa mbali. Campo nyingi hulipia majarida ya mtandaoni ambayo unaingia na namba yako ya usajili, na kuna watu wanamaliza miaka minne bila kuingia hata siku moja. Hazina za tasnifu za vyuo kama UoN na Kenyatta ziko wazi kwa mtu yeyote. Kwa topiki yake kulikuwa na utafiti wa FinAccess, ule wa Benki Kuu, KNBS na FSD Kenya, bure kabisa. Kulikuwa na kanuni za 2022 za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa mtandaoni. Hizi vitu zilikuwa zimekaa tu hapo, na yeye alikuwa anaomba mashine imbuni profesa.

Wiki ya pili ndio tuliirudisha AI, lakini kwa kiti tofauti. Badala ya kuiambia "niandikie", tuliiandikia hivi: "Wewe ni lec mkali kwa paneli. Nitakuwekea sura yangu ya nne. Usiniandikie kitu. Niulize swali moja moja. Nikijibu vibaya niambie ni wapi nimekosea, lakini usinipe jibu hadi nijaribu mara mbili."

Wasee, hapo ndio hii kitu iko na faida. Ilimhangaisha. Kwa nini ulichagua Githurai? Kwa nini watu 40 na si 100? Unajuaje mkopo ndio ulileta hiyo faida na si msimu wa mvua? Alijibu kwa sauti, mimi nikiandika. Ilipofika swali la kwa nini wamama wanakopa, akajibu vile projekti ilikuwa inasema, ati wanakopa kuongeza stoki.

Auntie alikuwa anachambua sukuma pale mlangoni. Akainua kichwa. "Nani amekuambia hivyo? Stoki nanunua na pesa ya jana. Ile ya simu nakopa jioni nilipe ingine ya asubuhi."

Tukanyamaza. Cuzo akaenda akatoa zile fomu za maswali, karatasi zenyewe, zenye alikuwa amejaziwa na wamama sokoni. Akaanza kuhesabu. Kati ya 40, 17 walikuwa wameandika kitu kama hicho kwa ile nafasi ya maoni mwishoni. Alikuwa nayo wakati wote. Alikuwa amepatia AI majibu yote ikamfupishia, na ikamfupishia vile makala nyingi za dunia husema kuhusu mikopo na biashara ndogo. Mathe yake hakuwa ndani ya huo muhtasari. Sura ya nne yote ikaandikwa upya kuanzia hapo, na kwa mkono wake.

Kuna matumizi mengine sitakaa sana hapo. Kuelezewa kitu hukushika darasani, mara tatu kwa njia tatu, bila mtu kukucheka, hiyo ni sawa. Kutengenezewa maswali kama ya CAT kutoka kwa noti zako, sawa. Kuonyeshwa makosa ya sarufi, sawa kama lec anakubali, lakini iambie ikuonyeshe kosa urekebishe mwenyewe. Hesabu, fuata hatua zake ukiwa na karatasi na kikokotoo, juu huwa inateleza kwa namba na haioni haya. Na nyinyi wa kompyuta, kama kuna laini ya kodi huwezi kuelezea inafanya nini, itoe, juu hiyo ndio utaulizwa.

Na ile mashine ya kushika?

Turnitin waliongeza kitambua AI mnamo Aprili 2023, na tangu hapo kuna hofu imeingia watu, hadi wale hawajatumia AI. Hofu ina sababu. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walikuwa na chombo chao cha kutambua maandishi ya AI. Kilikuwa kinashika 26% tu ya maandishi ya AI, na wakakifunga Julai 2023 wakisema usahihi wake ni mdogo. Watafiti wa Stanford mwaka huo huo walijaribu vitambuzi 7 na insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya hizo insha ziliitwa za AI. Zilikuwa zimeandikwa na watu.

Sasa jiulize sisi, tuliofunzwa Kiingereza cha insha, kila aya na neno lake la kuunganisha, tunakaa wapi kwa hiyo hesabu. Na kuna ucheshi mchungu hapo. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba kati ya watu waliosaidia kusafisha ChatGPT kabla itoke, kwa kuipitishia maandishi machafu ili ijifunze kuyakataa, kulikuwa na Wakenya wa hapa Nairobi chini ya kampuni ya Sama, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tuliifundisha adabu, na sasa tunaulizwa kama sisi ni yeye.

Kwa hivyo jilinde. Andika kwa Google Docs ama Word yenye inahifadhi matoleo, ndio siku ukiitwa unafungua historia unaonyesha sentensi zilivyozaliwa, na makosa yake, na ile saa nane usiku ulifuta aya mzima. Weka noti zako za mkono. Usifute yale mazungumzo na AI, ni ushahidi wako. Mtu ameandika mwenyewe huwa na takataka nyingi nyuma ya kazi yake. Ile imekuja imekamilika dakika mbili kabla ya muda kuisha ndio inatiliwa shaka.

Na usipitishe kazi kwa zile programu za "kuifanya ikae ya binadamu". Zinabadilisha maneno kwa maneno bila kujua yanamaanisha nini. Watafiti walishapata makala za sayansi zenye ziliandika "counterfeit consciousness" mahali pa jina la Kiingereza la AI, juu mashine ilikuwa inakwepa kutambuliwa. Ukikutana na lec anasoma hiyo, heri ungeshikwa tu na AI.

Namba za wamama

Kitu ya mwisho tulipata kwa bahati mbaya. Nikiwa nacheki mazungumzo yake ya zamani na AI, nikapata faili ya Excel aliyokuwa ameiwekea ndio impigie hesabu. Majina ya wamama 40. Namba za simu. Mkopo gani, shilingi ngapi, nani amekwama kulipa.

Nikamuuliza kama anajua amefanya nini. Hakujua. Kwa akaunti za bure, mara nyingi unachoandika kinaweza kutumika kufundisha mashine zaidi usipozima. Kwa ChatGPT enda kwa mipangilio, sehemu ya data, uzime pale panasema kuboresha modeli. Lakini kuzima si ruhusa ya kumwaga siri za watu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria, ile fomu wamama walisaini ilisema majina yao hayatatoka kwa hiyo projekti. Mmoja wao ni rafiki ya auntie wa miaka mingi. Mnakumbuka foleni za Worldcoin pale KICC 2023, watu wakipigwa picha ya macho kwa sababu ya token za thao saba hivi? Mwaka wa 2025 Mahakama Kuu iliamuru hiyo data ifutwe. Sam Altman wa OpenAI ndiye mmoja wa waanzilishi wa hiyo Worldcoin pia. Huko angalau watu walikuwa wamejipeleka wenyewe. Hawa wamama walipelekwa.

Alifuta hayo mazungumzo, akabadilisha faili: Mama 1, Mama 2, hadi Mama 40, na ile ya majina akaiacha kwa flashi kwa droo. Wanafunzi wa uuguzi, sheria na ushauri nasaha, nyinyi hii isomeni mara mbili.

Siku ya pili mbele ya paneli nilikuwa nje kwa korido juu hawaruhusu mtu. Alichukua dakika 40. Anasema madam alienda moja kwa moja kwa marejeleo, akachagua matatu bila mpango, na yote matatu akaulizwa yanasema nini. Moja akasema hakubaliani nalo, akaeleza ni kwa nini, akataja wale 17. Madam akaandika kitu. Halafu akamuuliza kama ametumia AI. Cuzo akafungua peji yenye ilikuwa mpya kwa projekti, kabla tu ya marejeleo, akasoma kwa sauti: "Nilitumia ChatGPT kunihoji kuhusu sura ya tatu na ya nne, na NotebookLM kutafuta sehemu ndani ya makala nilizopakua. Maandishi, hesabu na marejeleo ni kazi yangu, na kila rejeleo nimelisoma."

Akapewa marekebisho madogo, siku 7. Suti ameshairudishia mwenyewe. Tai ya mzae amebaki nayo, anasema bado ina kazi.